CHUMBA, PANGO NA HUDUMA
Mafunzo ya Mji wa New York Juu ya Makazi ya Watu Wasio na Makao

Suala la watu wasio na makao limezoeleka kujadiliwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya huruma: mwenye nacho humpa asiye nacho sahani ya chakula na blanketi, kisha huenda zake akiwa ameridhika na nafsi yake. Njia ya pili ni ya rungu: anayelala barazani hukamatwa, hushitakiwa kwa uzururaji, na huondolewa mbele ya macho ya wapita njia. Njia zote mbili zina kasoro moja. Zinamtazama mtu aliyelala nje, wala hazikitazami chumba alichokikosa. Haziulizi chumba hicho kilikuwa wapi, kilikuwa mali ya nani, na kiliondolewa na nani.

Katika makala hii tutaichunguza historia ya mji mmoja, New York nchini Marekani. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, mji huo ni makao makuu ya ubepari wa fedha. Kama utajiri peke yake ungekuwa dawa ya tatizo hili, basi huko lingekwisha zamani. Pili, katika mji huohuo ndimo ulimokulia mpango mmoja wa manufaa, yaani mpango wa nyumba zenye huduma, ambao baadaye umeigwa katika miji mingi. Kada anayesoma habari za nchi za kibepari ili azilaani tu hajifunzi kitu. Tunasoma ili tujue kilichofaulu, kilichokwama, na sababu zake.

Hoja yetu ni hii. Nyumba ya mtu aliyekosa makao husimama juu ya mafungu matatu ya fedha: fungu la kujenga, fungu la pango na fungu la huduma. Kila mara mafungu hayo yalipopangwa pamoja, na mamlaka yenye wajibu ikayasimamia, watu walitoka barabarani wakakaa. Kila mara fungu moja lilipoachiwa soko au hisani, kazi ililegea hata pale ambapo mengine mawili yalikuwa yamejaa.

Vyumba Vilivyopotea

Mpaka katikati ya karne ya ishirini, maskini asiye na familia mjini New York alikuwa na mahali pa kulaza ubavu. Kulikuwa na hoteli za vyumba vya kupanga, ambako mtu alipata chumba kimoja chenye kitanda, akashirikiana na wenzake choo na bafu lililoko mwisho wa ukumbi. Pango lililipwa kwa juma, pengine kwa siku. Yeyote aliyewahi kukaa katika nyumba ya vyumba sita ya Magomeni au Kariakoo ataielewa hali hiyo bila maelezo mengi. Humo walikaa mabaharia, wapishi, wachukuzi wa bandarini, wazee wa pensheni ndogo na watu waliotoka kifungoni. Vyumba hivyo vilikuwa duni, lakini vilikuwa na mlango na ufunguo.

Wakuu wa Jiji waliviona vyumba hivyo kuwa aibu. Mwaka 1955 ujenzi wa vyumba vipya vya aina hiyo ulipigwa marufuku. Hapo sheria ilifunga mlango wa kuongeza vyumba vya makabwela, wala haikuweka kitu kingine mahali pake. Katikati ya miaka ya 1970 ikaja hatua ya pili. Mwaka 1975 Jiji lilikaribia kufilisika, na likaanza kutafuta kila njia ya kuwavutia wenye mtaji. Miongoni mwa njia hizo ilikuwa ni kuwapa nafuu ya kodi ya majengo wenye hoteli waliozigeuza kuwa nyumba za kisasa za watu wa kipato kikubwa. Mwenye hoteli akaona faida mbili katika tendo moja: pango la juu kutoka kwa mpangaji mpya, na kodi ndogo kwa Serikali. Kilichobaki ni kumtoa mpangaji wa zamani. Wengine walitolewa kwa notisi, wengine kwa kukatiwa maji na mvuke wa kupasha joto katika majira ya baridi.

Inakadiriwa kwamba katika Marekani nzima vyumba vya aina hiyo vipatavyo milioni moja vilipotea kati ya mwaka 1970 na katikati ya miaka ya 1980. Havikuangushwa na tetemeko la ardhi. Viliondolewa kwa uamuzi wa wenye mali, na mara nyingi kwa msaada wa hazina ya umma.

Ilipofika mwaka 1985 Jiji lilishtuka, likasimamisha ubomoaji na ugeuzaji wa vyumba vilivyosalia. Wenye majumba walikwenda mahakamani. Mwaka 1989, katika kesi iliyofunguliwa na kampuni ya Seawall Associates, Mahakama ya Rufani ya Jimbo la New York ilitamka kwamba sheria hiyo ilikuwa sawa na kumnyang'anya mwenye mali haki yake bila fidia. Katika mfumo ambamo chumba ni bidhaa, haki ya anayelala ndani yake huja baada ya haki ya anayekiuza.

Hospitali Zilizofunguliwa Milango

Wakati vyumba vinapungua, kundi jingine la watu lilikuwa likitafuta vyumba hivyohivyo. Mwaka 1955 hospitali za serikali za wagonjwa wa akili katika Marekani zilikuwa na wagonjwa wapatao 559,000. Nyingi zilikuwa mahali pa mateso, na hatuwezi kuzililia. Dawa mpya za miaka ya 1950 ziliwawezesha wagonjwa wengi kuishi nje ya kuta. Mwezi Oktoba mwaka 1963 Rais Kennedy alitia sahihi sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili karibu na makazi ya watu. Nadharia yake ilikuwa sahihi: mgonjwa arudi kwa watu wake, na huduma imfuate huko.

Lakini mpango hupimwa kwa fungu lake la fedha. Vituo vingi vilivyokusudiwa havikujengwa, na vilivyojengwa vilikosa fedha za kuendeshea. Aidha, mpango wa matibabu ya maskini ulioanza mwaka 1965 haukulipia gharama za watu wazima waliolazwa katika hospitali za akili. Majimbo yakaona ni nafuu kuwatoa. Kufikia mwaka 1980 wagonjwa waliobaki humo walikuwa chini ya 150,000. Wengi walirudi kwa jamaa zao na wengine walikufa, lakini maelfu walipelekwa katika zile hoteli za vyumba vya kupanga, wakiwa na kikaratasi cha dawa mkononi.

Hapo ndipo mikondo miwili ilipokutana. Hospitali iliwatoa watu kuelekea katika vyumba, na soko likavifuta vyumba hivyo. Juu ya hayo, Serikali ya Reagan iliyoingia mwaka 1981 ilikata zaidi ya nusu ya fedha mpya za nyumba za watu wa kipato cha chini katika muongo huo, na katika miaka yake ya kwanza mamia ya maelfu ya walemavu waliondolewa katika orodha ya malipo ya kujikimu. Atakayesema kwamba watu wale walilala nje kwa sababu ya uvivu au ulevi hana budi kueleza kwa nini uvivu na ulevi uliongezeka ghafla katika muongo uleule ambao vyumba, matibabu na fedha za kujikimu vilipunguzwa.

Haki ya Kitanda

Mwaka 1979 wakili kijana, Robert Hayes, alifungua kesi kwa niaba ya wanaume waliokuwa wakilala nje katika mtaa wa Bowery. Wa kwanza katika orodha yao aliitwa Robert Callahan. Hayes aliegemea kifungu cha Katiba ya Jimbo kilichoingizwa mwaka 1938, wakati kumbukumbu ya mdororo mkuu wa uchumi na migomo ya wasio na kazi ilikuwa bado mbichi, kinachosema kwamba msaada na matunzo ya wahitaji ni jukumu la umma. Kifungu hicho kilikaa zaidi ya miaka arobaini kabla ya kutumiwa kwa jambo hili. Desemba 1979 mahakama iliamuru wanaume hao wapewe mahali pa kulala, na mwezi Agosti 1981 Jiji na Jimbo wakatia sahihi makubaliano ya kudumu. Callahan hakuyaona makubaliano hayo, kwani alikuwa amekwisha kufa barabarani. Haki hiyo ilienezwa kwa wanawake mwaka 1983, na kwa familia mwaka 1986.

Ushindi huo ulikuwa mkubwa, wala hatuupunguzi. Lakini hapana budi tuone mpaka wake. Mahakama ilitoa haki ya kitanda cha usiku, haikutoa haki ya nyumba. Jiji likafungua maghala ya zamani ya jeshi na kupanga vitanda kwa mamia katika ukumbi mmoja, ambamo mtu alilala na viatu vyake chini ya kichwa ili visiibwe. Familia zilipelekwa katika mahoteli ya watu binafsi, na Jiji likawalipa wenye mahoteli kiasi kilichozidi sana pango la nyumba ya kawaida. Hapa mgongano ulikuwa wazi: hazina iliyokuwa imemlipa mwenye hoteli amtoe maskini, sasa ilimlipa mwenye hoteli mwingine ampokee. Fedha zilitoka, lakini hakuna chumba kimoja kilichoongezeka.

Kuzaliwa kwa Nyumba Zenye Huduma

Njia nyingine ilianzishwa na watawa watatu wa Shirika la Mtakatifu Fransisko. Walikuwa wakiwatembelea wagonjwa wa akili waliotolewa hospitali na kuwekwa katika hoteli moja, na waliona wapangaji wale wakifukuzwa ili hoteli igeuzwe ya watalii. Waliona kwamba ziara na dawa hazina maana ikiwa mtu hana mlango wa kubishiwa hodi. Mwaka 1980 walinunua hoteli kuukuu katika barabara ya East 24th, wakaifungua kwa jina la St. Francis Residence.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleza. Kila mtu alikuwa na chumba chake na ufunguo wake. Alikuwa mpangaji, hakuwa mgonjwa aliyelazwa. Alilipa pango kutoka katika malipo yake ya ulemavu, na hakuwekewa siku ya kuondoka. Ndani ya jengo hilohilo kulikuwa na watumishi wa ustawi wa jamii, mtu wa kusaidia mambo ya dawa na fedha, na mlo kwa aliyeutaka. Watawa walikuwa wamekichukua kile chumba cha kupanga kilichokuwa kikifutwa na soko, wakakiondoa katika soko, kisha wakakiongezea huduma ambayo hospitali iliahidi na haikuleta.

Miaka kumi baadaye kazi hiyo ilifanywa kwa kipimo kikubwa. Chama cha hiari kilichoanzishwa na Rosanne Haggerty mwaka 1990 kiliichukua hoteli ya Times Square, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa limechakaa katikati ya mji, na kulikarabati likawa na nyumba 652 za mtu mmoja mmoja. Nusu ya wapangaji walikuwa watu waliokosa makao, na nusu wafanyakazi wa kipato kidogo. Mchanganyiko huo ulikuwa na busara: jengo halikupata sura ya hospitali, na wafanyakazi wa mji nao walipata mahali pa kukaa.

Mafungu Matatu

Sasa tuingie katika kiini cha suala, yaani fedha. Wengi hudhani kwamba tatizo la nyumba ni tatizo la matofali. Historia ya New York yaonyesha kwamba tofali ni theluthi moja tu ya kazi.

Fungu la kwanza ni la kujenga. Katika miaka ya 1970 wenye majumba waliyatelekeza maelfu ya majengo katika mitaa ya maskini bila kulipa kodi, na Jiji likayatwaa kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1986 Meya Koch alitangaza mpango wa miaka kumi uliofikia zaidi ya dola bilioni 5, fedha ambazo sehemu yake kubwa zilitokana na Jiji lenyewe kukopa kwa hati za dhamana. Sehemu ya majengo hayo walipewa watu waliokosa makao. Vyama vya hiari vilipewa mikopo ya riba ndogo mno kwa sharti kwamba jengo libaki katika kazi hiyo kwa miaka mingi. Yaani Jiji lilikuwa na majengo, lilikuwa na fedha, na lilikuwa na sharti. Bila sharti, mkopo wa umma hugeuka kuwa mtaji wa mtu binafsi.

Fungu la pili ni la pango. Mpangaji anayeishi kwa malipo ya ulemavu hawezi kulipa gharama halisi za jengo: maji, umeme, mvuke, mlinzi wa mlangoni, ukarabati wa paa. Kanuni iliyotumika ni kwamba mpangaji alipe sehemu isiyozidi theluthi ya kipato chake, kwa kawaida asilimia 30, na ruzuku ya Serikali ifidie kilichopungua. Fungu hili likikosekana, jengo zuri la leo huwa gofu baada ya miaka kumi, na watu husema maskini hawajui kutunza nyumba.

Fungu la tatu ni la huduma, yaani mishahara ya watumishi wanaomsaidia mpangaji abaki ndani. Hili ndilo dhaifu kuliko yote. Jengo huonekana na hufunguliwa kwa utepe, bali mshahara wa mtumishi wa ustawi wa jamii hauna sherehe. Aidha, hutoka katika wizara nyingine, kwa mkataba wa muda mfupi, na bajeti ikibana hukatwa kwanza.

Kwa sababu hiyo, mapatano ya mwaka 1990 kati ya Gavana Mario Cuomo na Meya David Dinkins yana nafasi ya pekee katika historia hii. Jimbo na Jiji walikubaliana kuweka nyumba 3,615 kwa ajili ya watu wenye maradhi ya akili waliokosa makao, na katika hati moja walitaja nani anatoa fedha za kujenga na nani anatoa fedha za kuendesha na kuhudumia. Kabla ya hapo kila ofisi ilikuwa na fungu lake na kisingizio chake. Idara ya nyumba ilisema haina wauguzi, na idara ya afya ikasema haina nyumba. Mapatano hayo yaliondoa visingizio hivyo. Yalifuatiwa na ya mwaka 1999 ya nyumba 1,500, na ya mwaka 2005 ya nyumba 9,000.

Mirija ya Nafuu za Kodi

Hata hivyo, tangu mwaka 1986 fungu la kujenga katika Marekani lilichukua sura ya ajabu ambayo kila mwanafunzi wa uchumi wa siasa anapaswa kuielewa. Badala ya Serikali kutoza kodi na kujenga, sheria ya mwaka huo iliweka nafuu za kodi. Kila jimbo hupewa kiasi chake, nalo huwagawia wajenzi wa nyumba za pango nafuu. Mjenzi huiuza nafuu hiyo kwa benki au kampuni kubwa. Kampuni hutoa fedha za kujengea, nayo hupunguziwa kodi yake ya mapato mwaka hadi mwaka kwa miaka kumi. Katikati husimama mawakili, wahasibu na mawakala, kila mmoja na ujira wake.

Hatusemi kwamba njia hiyo haikujenga. Imejenga nyumba nyingi, na pamoja nazo nyingi zenye huduma. Lakini angalieni msingi wake: nafuu ya kodi ni mali kwa mwenye faida tu, kwa kuwa asiyepata faida hana kodi ya kupunguziwa. Mwaka 2008 mabenki yalipoanguka, faida ilitoweka, na wanunuzi wa nafuu wakatoweka nayo. Mashirika ya Fannie Mae na Freddie Mac, yaliyokuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, yaliacha kununua. Ujenzi wa nyumba za maskini ukasimama katika wakati uleule ambao watu wengi zaidi walikuwa wakipoteza nyumba zao. Mwaka 2009 Serikali ya Marekani ililazimika kutoa fedha taslimu, zikiwamo dola bilioni 2.25 kwa mpango mmoja tu, ili kuziokoa kazi zilizokwama. Hazina ililipa moja kwa moja mwishoni, jambo ambalo ingaliweza kulifanya mwanzoni.

Hesabu ya Mwaka 2002

Wapinzani wa nyumba zenye huduma walisema siku zote kwamba ni ghali. Mwaka 2002 Dennis Culhane na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 4,679 waliokuwa wamepewa nyumba chini ya mapatano ya 1990. Walifuata kumbukumbu za mabweni, hospitali na jela. Walikuta kwamba mtu mmoja mwenye maradhi makubwa ya akili aliyekuwa bila makao aligharimu umma dola 40,451 kwa mwaka, naye bado alikuwa akilala nje au bwenini. Baada ya kuwekwa katika nyumba, gharama hizo zilipungua kwa dola 16,281 kwa kila nyumba kwa mwaka. Nyumba yenyewe pamoja na huduma iligharimu dola 17,277. Kwa maneno mengine, tofauti ilikuwa takriban dola 1,000 kwa mwaka.

Hesabu hiyo inafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba umma ulikuwa tayari unalipa, ila ulikuwa unalipa bila kupata nyumba. La pili ni kwamba aliyelipa na aliyeokoa hawakuwa mtu mmoja. Fedha zilitoka katika ofisi kadhaa, na nafuu ilionekana katika mabweni, hospitalini na magerezani. Katika mfumo ambamo kila idara inalinda kasha lake, hakuna anayeiona faida ya wote. Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba suala la nyumba hizi ni suala la kupanga, yaani la kuwa na jicho moja linaloyaona makasha yote.

Lakini tuwe waangalifu. Uchunguzi ule ulihusu watu wagonjwa sana, ambao gharama zao zilikuwa kubwa. Mama mwenye watoto wawili, anayefanya kazi mchana na kulala bwenini usiku, huenda haigharimu hospitali kitu chochote. Tukisema apewe nyumba yule tu ambaye kumwacha nje ni ghali, tutakuwa tumeikubali mizani ya mabepari, ambayo humpima binadamu kwa hasara anayoleta.

Jambo jingine lilithibitishwa mjini humo. Tangu mwaka 1992 Sam Tsemberis na wenzake waliwapa watu nyumba za kupanga moja kwa moja, bila kuwataka kwanza waache pombe au wakubali matibabu, kisha huduma ikawafuata. Desturi ya zamani ilimtaka mtu apande ngazi: bweni, nyumba ya mpito, kisha nyumba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba baada ya miaka mitano asilimia 88 ya wapangaji wa njia mpya walikuwa bado ndani ya nyumba, wakati katika utaratibu wa ngazi walikuwa asilimia 47. Nyumba ilikuwa mwanzo wa kupona, na wala haikufaa kufanywa zawadi ya aliyekwisha kupona.

Kwa Nini Kazi Haikwisha

Ikiwa njia ilijulikana, kwa nini tatizo halikumalizika? Mwaka 2015 Meya wa New York aliahidi nyumba 15,000 zenye huduma katika miaka kumi na mitano, na mwanzoni mwa 2016 Gavana akaahidi 20,000 kwa Jimbo zima. Hata hivyo mabweni yaliendelea kujaa. Na katika Marekani nzima, hesabu ya usiku mmoja ya Januari 2024 ilikuta watu 771,480 wasio na makao, idadi kubwa kuliko zote tangu hesabu hiyo ianze kutolewa mwaka 2007.

Jibu ni kwamba nyumba zenye huduma huwatoa watu nje kwa mlango mmoja, na soko la pango huwaingiza wengine kwa milango kumi. Aliyetolewa barabarani mwaka huu nafasi yake huchukuliwa na aliyefukuzwa na mwenye nyumba mwezi ujao. Mpango wa kuwahudumia walioanguka hauwezi kuchukua nafasi ya mpango wa kuzuia watu wasianguke.

Hata hivyo ipo hesabu nyingine inayozuia kukata tamaa. Askari wa zamani walitengewa fedha za pango pamoja na watumishi wa huduma, mwaka baada ya mwaka, tangu mwaka 2008. Wasio na makao miongoni mwao walipungua kutoka karibu 74,000 mwaka 2010 hadi 32,882 mwaka 2024. Nchi ni ileile, na soko ni lilelile. Tofauti ni kwamba kwa kundi hilo mafungu yalitoka pamoja na hayakukatizwa.

Lakini badala ya kuupanua mfano huo, rungu lilirudishwa. Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mji wa Grants Pass, iliruhusu miji kuwaadhibu wanaolala nje hata pale ambapo hakuna kitanda cha kuwapa. Julai 2025 Rais Trump alitoa amri ya kuacha kuunga mkono njia ya kumpa mtu nyumba kwanza. Ndiyo kusema ushindi uliopatikana kwa fungu la bajeti unaweza kuondolewa kwa bajeti, na ushindi usiolindwa na watu waliojipanga hauna mlinzi.

Mafunzo Kwetu

Tungekosea kama tungeifunga makala hii kwa kuwacheka Wamarekani. Rungu si la mabepari peke yao. Neno mzururaji tulilirithi katika sheria za wakoloni, na mwaka 1983, chini ya Sheria ya Nguvu Kazi, watu kwa maelfu walikamatwa katika mitaa ya Dar es Salaam wakapelekwa vijijini na katika mashamba ya mkonge. Wengi wao walirudi mjini. Walirudi kwa sababu kampeni iliwahamisha watu bila kuhamisha sababu zilizowaleta. Lori si mpango wa makazi, liwe la Jiji la kibepari au la nchi inayojenga ujamaa.

Kwa hiyo kada anayeketi katika halmashauri, litakapoletwa mbele yake pendekezo la kuwasaidia wasio na makao, awe ni mzee asiyejiweza, mgonjwa wa akili aliyetolewa wodini au kijana anayelala sokoni, asiridhike kwa kuonyeshwa ramani ya jengo. Aulize maswali matatu, na adai jibu la tarakimu kwa kila moja.

Kwanza, jengo litakuwa mali ya nani baada ya miaka ishirini, na ni sharti gani linalozuia lisiuzwe? Pili, pango la mpangaji asiye na kipato litafidiwa kutoka fungu gani, na fungu hilo limepitishwa kwa miaka mingapi? Tatu, ni mtumishi gani atakayebisha hodi katika mlango wa mpangaji siku ya Jumatatu, na mshahara wake unatoka wapi?

Na kabla ya yote hayo, aangalie upande wa pili wa meza. Kama kikao hichohicho, katika ajenda inayotangulia, kimepitisha kubomoa nyumba za vyumba vya kupanga ili kumpisha mwekezaji, basi kikao hicho kinawatengeneza wasio na makao kwa mkono mmoja na kuwatafutia blanketi kwa mkono wa pili. Wajibu wa kada ni kuzisoma ajenda hizo mbili pamoja, na kusema hivyo mbele ya kikao.